Kabla ya kusema ONU iondoke, tuulize kura zinapigwaje

Bwana Mhariri,

Ile barua mliyotoa ya msomaji mwenzetu, anayesema ONU, yaani Umoja wa Mataifa, imekuja Kongo tangu 1960 na haijafanya kitu chochote, sasa ifungashe mizigo tu iende, nimeisoma vizuri na nimeona watu wengi hapa Lubumbashi wanaipitisha kwa WhatsApp wakisema huyu kasema kweli yote. Hasira yake naielewa sana. Mimi nina ndugu Goma, ile Januari 2025 mji ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 tulikuwa tunalala na simu mkononi, mtandao unakatika, unarudi, unakatika, haujui nani yuko hai, na askari wa ONU wamo mulemule mjini kwenye kambi zao. Kwa hiyo sikuja kuitetea ONU. Lakini namna alivyoyaweka mambo itatupoteza, sababu anaongea juu ya ONU kama mtu mmoja mwenye akili yake na roho yake mbaya, na mtu huyo hayupo.

ONU ni nchi 193 zimekaa pamoja, na mambo ya vita na amani yako mikononi mwa nchi 15 tu za Baraza la Usalama. Azimio likitaka kupita linahitaji kura 9, na pia kusiwe na hata nchi moja kati ya zile tano kubwa, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, inayopiga kura ya veto. Katibu Mkuu hana jeshi lake. Askari anatoka Pakistani, India, Uruguay, Tanzania, na anafanya kile tu ambacho mandati (maagizo ya kazi) iliyopigiwa kura inamruhusu, na mara nyingine hata chini ya hapo sababu serikali ya kwao imemwambia asijihatarishe. Hiyo ndiyo mashine yenyewe, na mtu akitaka kuikasirikia ajue anakasirikia sehemu gani.

Sisi watu wa Lubumbashi tungepaswa kulijua hili kuliko Wakongo wengine wote, juu limefanyika hapa hapa kwetu. Julai 1960 jimbo letu la Katanga linajitenga, wanajeshi wa Ubelgiji wamo nchini, waziri mkuu Lumumba anaomba msaada wa ONU, askari wanakuja kweli, na haraka. Lakini Agosti Baraza likasema wazi kwamba wanajeshi hao hawataingia katika ugomvi wa ndani wa Wakongo. Basi wakafika mpaka Katanga wakakaa, na utengano ukaendelea mbele ya macho yao. Lumumba akakamatwa, akaletwa huku, akauawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huu, na ONU iko nchini na maelfu ya askari. Habari ilipotoka dunia ikatikisika, maandamano kila mahali, na tarehe 21 Februari 1961 Baraza likapiga kura nyingine: sasa nguvu inaruhusiwa kama njia ya mwisho ya kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Novemba mwaka ule ule likaongeza tena, nguvu itumike kuwatoa mamluki wa kigeni. Katikati ya hapo, Septemba, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld akafa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola, hapo tu ng'ambo ya mpaka, akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Januari 1963 utengano ukaisha, na ulimalizwa na askari wa ONU kwa bunduki na ndege.

Sasa niambieni, ni ONU ileile au ni ingine? Bendera ile ile, kofia zile zile, lakini 1960 wanatazama na 1962 wanapigana. Kilichobadilika ni maneno yaliyopigiwa kura New York. (Na sisemi kwamba kupigana kwao kulikuwa kuzuri tu, wazee wengi hapa mjini hawataki hata leo kusikia jina la ONU, sababu Desemba 1961 mabomu yaliangukia raia pia, na hayo nayo lazima yasemwe.)

Kivu, kule mashariki, imeona jambo lile lile miaka hamsini baadaye. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 inaingia Goma, MONUSCO, yaani kikosi cha ONU kilichoko Kongo, inatazama, watu wanarusha mawe kwa hasira. Miezi minne baadaye, Machi 2013, Baraza linapitisha azimio 2098, linaunda brigedi ya kushambulia yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kabla mwaka haujaisha, Novemba, M23 imeshindwa, imekimbia. Jeshi letu lilipigana, hilo lisisahauliwe, lakini pia nchi kadhaa za Ulaya na Marekani zilikuwa zimesimamisha toka 2012 sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, iliyoshutumiwa kuisaidia M23. Vitu vitatu kwa pamoja, jeshi, mandati na presha ya pesa, na ikawezekana. Halafu dunia ikasahau, na sisi wenyewe tukasahau, wapiganaji waliokimbia hawakushughulikiwa mpaka mwisho, na mwishoni mwa 2021 wakarudi.

Msomaji mwenzetu anasema pia kwamba mashirika yote ya kimataifa ni mamoja, hakuna lililowahi kumsaidia Mkongo. Hapo nakataa kabisa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague, ile inayohukumu nchi na nchi, ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuvamia na kupora Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaipangia kulipa dola milioni 325. Tuliomba zaidi ya bilioni 11, kwa hiyo ni kidogo, inauma, watu wa Kisangani waliopigwa na zile bomu za siku sita mwezi wa 6 mwaka 2000 wana haki ya kulia. Lakini Uganda ilianza kulipa, dola milioni 65 kwa mwaka kwa miaka mitano. Nchi imeshtakiwa, imeshindwa, inatoa pesa, na hakuna risasi iliyopigwa. Kama pesa hiyo imewafikia waathirika au imeishia njiani, hilo ni swali la Kinshasa, wala tusiende kuwauliza majaji wa The Hague.

Na kwa nini Rwanda haikuhukumiwa hivyohivyo? Tulijaribu. Februari 2006 mahakama ileile ikasema haina mamlaka, juu Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo kwenye mambo yale tuliyoyaleta. Hii inaumiza na ni lazima kila Mkongo aijue, sababu inaonyesha mahali ukuta ulipo: mahakama ile haiwezi kumhukumu asiyekubali mamlaka yake. Kuna pia ile Ripoti Mapping ya mwaka 2010, matukio 617 ya uhalifu mkubwa toka 1993 mpaka 2003, imeandikwa na ONU yenyewe, na mpaka leo haijazaa mahakama maalum ambayo Daktari Mukwege wa Bukavu, yule wa tuzo ya Nobel ya Amani, anaililia kila jukwaa anapopewa nafasi. Kuandika ni kazi ya wataalam na waliifanya, kuunda mahakama ni kazi ya serikali, na yetu ni ya kwanza.

Mambo ya EAC na SADC, jumuiya za nchi za Afrika Mashariki na za Kusini, sitayachimba. EAC ilituma jeshi mwisho wa 2022, likaondoka Desemba 2023, SADC ikaingia, ikapoteza vijana kule Sake na Goma, Afrika Kusini peke yake ilipoteza wanajeshi 14 ile Januari 2025, ukihesabu na waliokuwa MONUSCO, na Machi 2025 SADC nayo ikaamua kutoka. Nawaheshimu waliokufa. Lakini Nairobi walikuwa na meza yao ya mazungumzo ya amani, Luanda yao, halafu Doha, halafu Washington, na mwananchi wa Masisi kule Kivu hajui hata ni meza ipi inaongea habari zake.

Narudi kwenye kura maana ndiyo sababu ya barua hii.

Tarehe 21 Februari 2025, yaani tarehe ileile ya azimio lile la 1961, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773, kura zote 15, hakuna aliyekataa. Linalaani M23, linaitaka Rwanda iache kuisaidia na itoe majeshi yake Kongo bila masharti, na linaitaka pia Kongo iache kuwasaidia FDLR, wale waasi wa Rwanda walioko Kongo. Goma ilikuwa imeshachukuliwa, Bukavu pia, tarehe 16 mwezi ule ule. Maneno makali kuliko yote tuliyowahi kupata, na bado watu wa Goma wamekaa miezi na miezi benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa. Hakuna aliyepinga azimio, lakini pia hakuna aliyelitekeleza. Hapo ndipo mtu anatakiwa kuuliza: kati ya hizi nchi 15, nani alitakiwa kusukuma baada ya kura, na nani alikuwa anamfuata kumuuliza?

Mwaka jana jibu lilikuwa rahisi, sisi hatukuwa ndani. Mwaka huu tumo. Toka tarehe 1 Januari 2026 Kongo ni mwanachama wa Baraza la Usalama kwa miaka miwili, tulichaguliwa Juni 2025 pamoja na Liberia, Bahrain, Colombia na Latvia. Balozi wetu anakaa kwenye meza ileile, anapiga kura kwa Sudan, kwa Haiti, kwa Gaza, kwa kila kitu. Je, msomaji mwenzetu anajua alivyopiga? Nimeuliza kartye nzima, nimeuliza walimu, nimeuliza vijana wa chuo kikuu, hakuna anayejua. Tunapiga kelele MONUSCO iondoke na hatujui mwakilishi wetu mwenyewe anasema nini jina letu likitajwa pale. Na nchi inayotaka Somalia, Pakistani au Panama, wanaokaa nayo kwenye Baraza, wasimame nayo kwa ajili ya Goma itaulizwa pia ilisimama wapi wao walipokuwa na shida, mambo ya kule yanaenda hivyo.

Tena kuna tarehe. Mandati ya MONUSCO imeongezwa mpaka tarehe 20 Desemba 2026. Kabla ya siku hiyo maneno yake yataandikwa upya, ibaki au iende, ipigane au ilinde kambi tu, isimamie usitishaji wa vita au la, na kwa mara ya kwanza toka MONUSCO ianze mwaka 2010 Kongo itakuwa na kura yake kwenye azimio hilo. Serikali yetu inataka nini? Mwaka 2023 iliomba MONUSCO iondoke haraka, ikatoka Kivu Kusini Juni 2024, halafu vita vilipokaribia serikali ile ile ikaomba utaratibu wa kuondoka upunguzwe mwendo. Raia ana haki ya kujua safari hii msimamo ni upi, na aujue kabla ya Desemba.

Kwa hiyo Bwana Mhariri naomba mambo mawili. La kwanza ni kwenu: mtupe kila mwezi nafasi ndogo kwenye gazeti, kwa Kiswahili cha kueleweka, mtueleze Kongo ilipiga kura gani kwenye Baraza na balozi alisema nini, maneno hayo yapo, yanatolewa hadharani, kinachokosekana ni mtu wa kutuletea. La pili ni kwa madepite wa Lubumbashi tuliowachagua: mmoja wenu amwite waziri wa mambo ya nje, mama Thérèse Kayikwamba Wagner, pale bungeni na amuulize mbele ya watu wote Kongo itaomba nini kwenye mandati ya Desemba, na azimio 2773 atalisukuma vipi sasa akiwa ndani ya chumba.

Msomaji wenu,
komuni ya Katuba, Lubumbashi