Niliyokuahidi kuhusu chunusi

Pumwani, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Siku ya Idi tulipotoka uani kupanga picha, uliichukua simu ya mjomba wako ukasema, "Nyinyi simameni, mimi nitapiga." Watu wakapangana, watoto mbele, wazee kwenye viti, na hakuna aliyekuuliza kitu. Lakini mimi nilikuona ulivyouvuta mtandio ukafunika taya. Nilikuona kwa sababu nami niliuvuta vivyo hivyo miaka nenda miaka rudi.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka saba hivi, ukafunua albamu ya harusi ya mama yako mdogo, ukaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa wapi?" Nikakujibu nilikuwa jikoni kwenye biriani. Haikuwa kweli. Nilikuwa chumbani kwa nyanyako, taa imezimwa, nikingoja mpiga picha aende zake. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba hadi nilipofika thelathini na kitu, picha zangu hazifiki tano.

Kuna sentensi moja nilikupa ulipokuwa kidato cha kwanza, siku uliyolia mbele ya kioo kabla ya kurudi shule ya bweni. Nilikuambia, "Utakua, zitaisha." Niliirudia ulipomaliza shule. Niliirudia ulipoanza kazi. Sasa una miaka ishirini na saba, na juzi nilimsikia shangazi yako akikuambia, "Ukizaa zitakuacha." Sikumnyamazisha, na kimya changu hicho kinaniuma hadi leo, kwa sababu mimi kuliko mtu yeyote katika familia hii najua kwamba si lazima iwe hivyo. Nilikuzaa nikiwa na ishirini na mbili, na ulipotimiza siku arubaini uso wangu ulikuwa umejaa kuliko kabla sijaolewa.

Sijawahi kukusimulia yaliyonipata, basi ngoja nikusimulie.

Zilinianza nikiwa na miaka kumi na miwili. Nyanya yangu, aliyekulia Mombasa, alikuwa akitusimulia habari za chunusi, yule jini wa majini anayewavuta waogaji miguu. Mimi nilikuwa sijajua kwamba neno lina maana mbili. Siku jirani aliposema, "Mtoto huyu ameshikwa na chunusi," nilikaa usiku kucha nikijishika uso. Nyanya alipogundua alinikumbatia, akanisagia liwa, akanipaka, akasema ni damu ya ujana inatoka. Alinipenda sana bibi yule. Liwa ile ilinukia vizuri na kunipoza, lakini chunusi zilibaki pale pale.

Baada ya liwa nikapaka manjano, kisha ndimu iliyonichoma, kisha shubiri, kisha dawa ya meno iliyoniachia alama nyeusi pande zote mbili za kidevu. Nikaanza kunawa mara tano kwa siku na kusugua kwa dodoki, maana kila aliyenitazama aliniambia nioshe uso. Hata kondakta wa matatu, mtu asiyenijua, aliwahi kunishauri sabuni ya kutumia mbele ya abiria wote. Najua nawe yanakupata. Mtu hawezi kumwambia mgeni "una mguu mbaya," lakini uso wa mwenye chunusi kila mtu anauona ni wake kuuzungumzia.

Kisha ikaja ile krimu. Hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu niliona kitu kinachofanana nayo kwenye begi lako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, wewe unatambaa. Niliinunua katika duka dogo mjini, tyubu isiyokuwa na karatasi ndani, na muuzaji akaniambia nipake asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja uso wangu ulikuwa laini kama wako ulipozaliwa. Nililia kwa furaha. Nilienda harusini Eastleigh bila mtandio usoni. Tyubu ilipoisha, baada ya siku nne tu uso ukaanza kuwaka kama niliyemwagiwa maji ya moto, na vipele vidogo vidogo vikabanana kuzunguka mdomo. Nikakimbia kununua nyingine. Nilikwenda hivyo karibu miaka mitatu. Ile ilikuwa krimu ya steroidi. Inatuliza uvimbe kwa muda, huku ngozi inakonda, na ukiiacha chunusi hurudi zikiwa zimeongezeka. Vile vimishipa kama nyuzi unavyoviona mashavuni mwangu vilitokana nayo. Na siku hizi kuna mbaya zaidi, za kung'arisha madoa, zilizotiwa zebaki au haidrokwinoni. Vitu hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya na bado vinauzwa. Mwanangu, kama hicho kilichomo begini mwako hakina maelezo ya kilichotengenezwa nacho, usikitupe. Tukipeleke kwa daktari akione, maana kama ni steroidi huenda akataka akuachishe kwa utaratibu.

Nilimwona daktari wa ngozi kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na mitano. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: zinazidi siku gani za mwezi? Kichwani napaka mafuta gani? Kwetu kuna mwingine mwenye nazo? Kisha akanichorea kwenye karatasi. Kila kinyweleo kina tundu, na ndani ya tundu kuna tezi ya mafuta. Homoni zikiichochea tezi, mafuta yanazidi. Seli za ngozi zilizokufa zinagandamana na mafuta hayo na kuziba mdomo wa tundu. Bakteria wanaoishi humo, na wanaishi kwa kila mtu, wanaongezeka, na mwili unapopambana nao ndipo panapovimba, panapouma na kutunga usaha. Nikamwuliza uchafu uko wapi hapo. Akasema haumo. Hata vile vichwa vyeusi puani, weusi wake ni mafuta na rangi ya ngozi yetu wenyewe yakikutana na hewa.

Nilitoka pale nikaketi kwenye benchi la nje muda mrefu. Miaka ishirini na mitatu nilikuwa najisugua dhambi ambayo haikuwapo.

Aliniambia pia kwamba kwa watu wengi chunusi hupungua zenyewe katika miaka ya ishirini, lakini kwa baadhi yetu, na wanawake zaidi kuliko wanaume, huendelea hadi thelathini na arubaini, nyingi zikikaa kidevuni na kwenye taya, na kuchacha siku chache kabla ya hedhi. Alikuwa kama ananisoma. Kilichonikera ni kujua kwamba mwaka 1982, nikiwa darasa la kwanza, vidonge vya isotretinoini vya chunusi sugu vilikuwa vimeshaidhinishwa Marekani. Dawa ilikuwapo kabla chunusi zangu hazijaanza. Na mimi nilikuwa nimeambiwa ningoje.

Sasa nina miaka arubaini na tisa. Jana moja imetoka chini ya mdomo. Ni moja, nimeipaka dawa, nimeendelea na shughuli zangu. Sikatai kwamba zako huenda zikaisha zenyewe, na kila swala naliomba hilo. Ila sitaki uniamini tena nikikuambia ungoje.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Zamu yangu ya chama imefika mwezi huu, na pesa ya daktari nimeitenga. Miadi ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Umwambie yote, hata yale unayoona aibu. Umwambie kwamba hedhi yako huruka miezi miwili, mitatu, na kwamba unang'oa nywele kidevuni. Niliviona vile vinyweleo kwenye sinki, nikanyamaza. Mambo hayo yakija pamoja na chunusi, daktari anapaswa kuangalia homoni na ovari, si kukuandikia krimu tu. Umwambie pia kwamba mnapanga kufunga ndoa mwakani na kwamba mtoto mnamtaka mapema. Ile isotretinoini humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na hata baadhi ya dawa za kupaka hazitakiwi kwa mja mzito. Ni lazima ajue kabla hajashika kalamu.

Akikupa ya kupaka, uipe muda. Mimi niliachana na adapaleni, dawa ya kwanza ya kupaka niliyopewa, baada ya wiki tatu kwa kuwa uso ulikauka, ukabanduka na kuzidi kutoka vipele. Kumbe ndivyo inavyoanza. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima usiku, si kwenye kipele kimoja kimoja, na matokeo ni ya kuhesabu kuanzia wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Hayo madoa meusi yatachelewa zaidi, kwa ngozi zetu huchukua miezi. Jua huyakoleza, kwa hiyo losheni ya kukinga jua si ya wazungu peke yao. Na unaposukwa, mwambie msusi asikujaze mafuta kwenye paji. Usizikamue. Najua unazikamua.

Naomba unisamehe. Hukuwahi kunilaumu, na hilo linanifanya niombe zaidi. Nilikupa ile ahadi kwa sababu ndiyo niliyopewa, na kwa sababu nilipokutazama uso niliona wangu, nikataka sana iwe kweli safari hii. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulihitaji mtu wa kukushika mkono akupeleke, nami nilikuwa najua njia ya kwenda nusu tu.

Picha ile ya Idi umeitumia familia nzima. Nimeitazama mara nyingi. Kati yangu na dadako pana nafasi, kama watu waliomwachia mtu asimame.

Jumanne nitakungoja stejini, upande wa mama wa mahamri, saa mbili na nusu. Njoo na lile begi. Nimekununulia foronya nne nyeupe na taulo mbili nyeupe, kwa sababu daktari akikuandikia benzoili peroksidi, dawa nyingine ya kupaka ya chunusi, itakitoa rangi kila kitambaa utakacholalia. Zile za maua ulizopewa na nyanyako zifunge uziweke kabatini.

Mamako