Gauni la Idd la mjukuu wako

Göteborg, Uswidi
Jumapili usiku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukupa habari za mjukuu wako na gauni lake la Idd. Picha Dada atakuonyesha kwenye simu, lakini wewe picha ya nguo huiamini. Utataka kuligeuza uone ndani kukoje, basi nakueleza ndani.

Utauliza mwanamume mzima anapata wapi nafasi ya kushona saa nne asubuhi. Nipo likizo ya uzazi. Usicheke, Baba. Huku mtoto akizaliwa wazazi wawili hupewa siku 480 za malipo wagawane, na katika hizo 90 ni za baba peke yake. Asipozichukua zimepotea, hawezi hata kumpa mkewe. Kwa hiyo mkwe wako amerudi kazini, mimi ndiye ninayemkogesha mtoto, namlisha uji, namlaza. Na kulala kwenyewe ni nje, kwenye kigari chake, baridi hiyo hiyo, amefunikwa sufu mpaka kidevuni. Wenyeji ndivyo wanavyowalaza watoto wao, na kweli analala fofofo. Hapo usimsomee Mama.

Akishalala, mimi na cherehani. Nilikipata duka la mitumba, Husqvarna cha kijani cha zamani, chuma kitupu. Kukipandisha ngazi ilibidi jirani anisaidie. Hawa Husqvarna walianza mwaka 1689 wakitengeneza bunduki, vyerehani wakaja kuanza 1872, na ukisikia kinavyogonga utaamini. Sindano nimetia namba 80, ambayo kwenye kiboksi chako ni 12. Ila kina mota, na mota haina adabu: ukigusa kanyagio tu, imeshakimbia. Nikifika kwenye mzunguko wa shingo naachia kanyagio kabisa, nazungusha gurudumu kwa mkono, kama ulivyokuwa ukinilazimisha kwenye Singer.

Kitambaa sijanunua hata inchi. Unakumbuka nilipoondoka mara ya mwisho ulivyosokomeza vipande kwenye begi, kuzunguka chupa za achari na asali zisije zikapasuka? Achari ililiwa zamani, vipande vikakaa kwenye mfuko juu ya kabati. Mfukoni mlikuwa na kitambaa cha marekani, poplini nyeupe iliyobaki kwenye kanzu ya mtu, kitenge cha sare ya harusi ya Dada (kile cha zambarau kilichowanunisha mashangazi), na upande wa chini wa khanga nyekundu, pindo na jina lake.

Nilivifua kwanza, kila rangi beseni lake. Marekani niliiloweka kwenye maji ya moto ikarudi karibu vidole viwili, afadhali irudi sasa kuliko akishavaa. Khanga ilichuja mpaka beseni likawa kama la mchinja kuku. Nilibadilisha maji hadi yakatoka meupe, maana huyu binti kila kitu anakitia mdomoni, na pindo la gauni ndilo la kwanza.

Mikono sikumwekea. Nguo ya huku huvaliwa juu ya sweta, kwa hiyo nimekata kwapa pana. Kifua chake ni inchi 18, nikaongeza tatu. Saizi zao ni urefu wa mtoto kwa sentimita, 62, 68, 74, na yeye yuko 68 anainyemelea 74. Kifua cha gauni ni marekani mara mbili, sketi ni kile kitenge kwa marinda, na kwa kuwa kilipelea urefu, chini nimeunga khanga. Shingo na kwapa nimezungushia poplini niliyoikata hanamu, upana wa sentimita tatu. Ilivyolala kwenye ile kona bila kukunjamana, ndipo nilipojua kwa nini ulikuwa unatufokea tukichezea masalia ya poplini.

Sasa hapa sikiliza, ndipo ninapotaka unisifu. Juu kidogo ya ile khanga nimezungusha vifinyo viwili sketi nzima, kila kimoja kina cha nusu inchi, kwa mshono mrefu ambao ukivuta uzi mmoja unaachia wote. Mtu akiviona anadhani ni pambo. Mtoto akirefuka nafungua kimoja, gauni linaongezeka inchi, maana kitambaa kimekunjwa mara mbili. Akirefuka tena nafungua cha pili. Alama ya mkunjo itabaki kidogo kwenye kitenge. Na ibaki.

Kamba za kufunga shingoni sikuweka. Kanuni za usalama za Ulaya zinazikataza kwenye nguo za watoto wadogo. Mwanzoni niliona wanatia chumvi, lakini ukimtazama anavyobiringika kwenye kigari chenye vyuma na vishikizo kila upande, unawaelewa. Nimeweka vifungo viwili mabegani, bapa na vikubwa, kisha nikavivuta kwa koleo kuona kama vitang'oka. Havikung'oka.

Lile jina la khanga ulilikata katikati, limebaki MWENYEJI APONE. Nilitaka likae mbele, mkwe wako akakataa, anasema mtoto si ubao wa matangazo. Tukaafikiana likae nyuma. Mgeni mwenyewe ndiye aliyelivaa.

Si kwamba nguo ni shida. Watu wametuletea mifuko na mifuko ya nguo za watoto wao, safi, karibu zote kijivu na rangi ya mchanga. Sijui nani aliwaambia kwamba mtoto anapenda kijivu. Idd yake ya kwanza sikutaka avae rangi ya mawingu ya Februari.

Nina swali. Marinda yanapokutana na kifua, pale chini ya kwapa, yamejazana na pamekuwa pagumu. Wewe huwa unayapunguza pembeni na kuyasogeza katikati, au unayapiga pasi kwanza ndipo unaunga? Nijibu kwa kumsemea Dada kwenye simu, anirekodie. Vipande vingine mpe yeyote anayekuja huku, vya pamba tu, poliesta gawia wengine.

Msalimie Mama, mashangazi, na majirani wote wa Barabara ya 9. Dada ananiambia goti linakusumbua na bado unakanyaga Singer kutwa nzima. Mwambie fundi aje akufungie mota, hela natuma mwisho wa mwezi. Najua nimeisema vibaya mota hapo juu. Funga hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao.