Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda Petra

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma orodha ya vitu unavyotaka kufunga kwa safari ya Jordan. Magauni ya kupigia picha yamo, viatu vipya vimo, chupa ya maji haimo. Nakuandikia kwa hilo, na barua nimeiacha wazi ili iwafae na wengine wanaojiandaa kwenda huko.

Anza na miguu. Petra ni mji wa kale uliochongwa mwambani, si jengo la kushuka garini ukalitazama ukaondoka. Kutoka lango la Wadi Musa, mji wa leo ulio jirani, unatembea kwanza njia ya wazi juani, ndipo uingie Siq, ufa mwembamba kati ya majabali, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Mwisho wake inakutokea Al-Khazneh, jengo maarufu kuliko yote ya Petra, karibu mita 40 kwenda juu, imechongwa yote mwambani. Wengi hupiga picha hapo wakageuza, na mimi jambo hilo linaniuma, maana mji ndio kwanza unaanza: makaburi ya wafalme, barabara ya nguzo, na mbali kabisa Ad-Deir, jengo jingine kubwa la mwambani, ambako hufiki mpaka upande ngazi za mawe zipatazo 800. Viatu vipya vitakutoa malengelenge kabla hujafika nusu. Chukua raba zako za zamani zenye soli inayoshika, maana ngazi zile zimelika na mchanga juu yake unateleza. Ongeza soksi na plasta. Punda utaambiwa upande. Nakuomba upande kwa miguu yako, wanyama wale wanateseka kwenye ngazi.

Maji beba lita mbili angalau, na kwa ajili hiyo begi liwe la mgongoni, mikono ibaki huru. Ukiwa ndani ya Siq, tazama kando ya kuta: utaona mifereji iliyochongwa na Wanabatea, waliotajirika kwa biashara ya uvumba na manemane zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mji mzima uliishi kwa maji waliyoyavuta kutoka chemchemi na ya mvua waliyoyahifadhi kwenye mabirika ya mwambani.

Na maji hayo hayo waliyaogopa. Mlangoni mwa Siq walijenga bwawa, wakatoboa handaki mwambani ili mafuriko yapite pembeni. Hawakuzidisha hofu. Mwaka 1963 mafuriko ya ghafla yaliwaua watalii zaidi ya 20 mle ndani, na Novemba 2018 maelfu ya wageni waliondolewa haraka mvua ilipochachamaa. Kwa kuwa unakwenda msimu wa mvua, tazama utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi, na ukiambiwa toka, toka bila kubishana, hata kama mbingu juu yako haina wingu. Mvua ya mbali milimani inatosha kuleta mafuriko.

Koti zito usiliache. Neno jangwa linadanganya watu: Wadi Musa iko juu, usiku wa Januari ni baridi kali na pengine theluji huanguka. Vaa nguo juu ya nguo, uwe unapunguza jua likipanda. Suruali pana na mtandio mkubwa wa pamba vitakufaa kwa jua, kwa vumbi, na kwa heshima ya wenyeji.

Pasipoti iwe karibu unapokata tiketi. Kwa mgeni anayelala nchini, siku moja ni dinari 50 na siku mbili ni 55. Kata ya siku mbili. Siku ya kwanza nenda polepole hadi makaburi ya wafalme, ya pili amka mapema uende Ad-Deir, begi likiwa na maji, tende na koti tu.

Magauni chagua moja. Begi langu la mgongoni liko kabatini, pita ulichukue kabla ya Ijumaa.

Dada yako