Magofu ya Villa Epecuén na maziwa yetu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie magofu ya Villa Epecuén, mji wa mapumziko uliokuwa kando ya ziwa la chumvi katika mkoa wa Buenos Aires nchini Argentina, ambao maelfu ya wageni waliuendea kila kiangazi, wengi kwa treni, ili waoge maji yaliyosifika kutibu baridi yabisi. Novemba 1985, baada ya miaka ya mvua nyingi, tuta lililouhami mji lilibomoka. Maji yakapanda polepole, wakazi wakapata muda wa kuhamisha vyombo vyao, na hatimaye kina kikafikia takriban mita 10. Yalipopungua, karibu robo karne baadaye, yalifichua kuta zilizomomonyoka, vitanda vilivyoliwa na kutu na miti mikavu iliyopauka kwa chumvi.

Leo watalii huenda huko kupiga picha, jambo ambalo, nakiri, hunitia simanzi. Kwa kuwa nasi tumeona hoteli za kando ya Ziwa Baringo zikimezwa na maji, ningependa wanaoidhinisha ujenzi ufukweni wawaulize kwanza wazee wa mahali hapo ziwa liliwahi kufika wapi, badala ya kutegemea tuta pekee.

Msomaji wako,
Nakuru