Mchujo ulikuwa wa mtoto wa Kiafrika

Mhariri,

Tangu wanafunzi wa Kenya waanze kupangiwa shule za Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, hoja ileile inarudi: nafasi apewe anayestahili, alama ziamue, maana hivyo ndivyo tulivyouzika ubaguzi wa rangi shuleni. Nakubali nusu yake tu.

Wengi wanajua kwamba Nairobi School ilikuwa Prince of Wales, shule ya Wazungu, na Jamhuri High ilikuwa Duke of Gloucester ya Wahindi. Tusichokitaja ni jinsi watoto walivyozifikia shule zao. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa mtoto wa Kizungu. Shule ilikuwa ikimsubiri, awe mwerevu au mzito wa kuelewa. Aliyewekewa mchujo ni mtoto wa Kiafrika. Chini ya mpango wa Beecher wa 1949, ripoti ya serikali ya kikoloni juu ya elimu ya Waafrika, alichujwa darasa la nne, akachujwa tena darasa la nane, na waliopenya wakagombea nafasi chache katika sekondari za Waafrika kama Alliance. Mtihani ulikuwa wa haki kabisa: weusi kwa weusi.

Tume ya Ominde, iliyochunguza elimu baada ya uhuru, ilipotaka shule hizo za rangi mbalimbali zichanganywe, 1964, ilitenda jema. Lakini haki ya mtoto wa Kizungu haikupanuliwa hadi imfikie kila mtoto. Kilichopanuliwa ni mchujo. Shule zilizokuwa za Wazungu nazo zikabaki na karo ya juu, kwa hiyo waliotangulia kuingia wakawa watoto wa wakubwa, si wa vibarua wa mashamba ya kahawa.

Leo kuna sera ya kila mtoto kuvuka hadi sekondari, na tunaishukuru. Ila anavuka kwenda wapi? Mtoto wa Mandera aliyesoma bila walimu wa kutosha anapewa karatasi moja na mwenzake wa akademia ya Nairobi mwenye tuisheni jioni na Jumamosi. Akipata alama chache tunamwita mvivu. (Babu zetu waliitwa hivyohivyo.)

Sisemi mitihani ifutwe. Gazeti lako likichapisha picha za waliobebwa juu kwa matokeo, lichapishe pia shule yao ina walimu wangapi, na kama ina maabara. Nayo Wizara itueleze kwa nini shule ya kutwa ya kijijini isijengewe maabara kabla shule ya kitaifa haijaongezewa bweni jingine.

Mwalimu mstaafu,
Machakos