Safari ya Saffron Walden: sasa ni Jumamosi

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu.

Safari yetu ya Saffron Walden, mji mdogo wa Essex, Uingereza, tumeitoa Jumapili, sasa ni Jumamosi hii. Soko la pale hukaa Jumanne na Jumamosi. Siku nyingine tungeambulia uwanja mtupu.

1. Tukutane stesheni ya treni ya Liverpool Street, London, saa 3:00 asubuhi, chini ya ubao wa ratiba. Tutashuka Audley End. Kutoka hapo hadi mjini ni kama maili 2, tutapanda basi.
2. Tiketi kila mtu ajikatie. Mchango wa chakula ni pauni 8, nitumieni kabla ya Alhamisi usiku.
3. Wapishi wa pilau, leteni vyombo vyenye mifuniko inayobana. Nadhani tunakumbuka ya mwaka jana!

Kuna aliyeniuliza tunafuata nini huko. Mji huo zamani uliitwa Chipping Walden, "Chipping" maana yake soko, na soko lenyewe lilihamishiwa hapo mwaka 1141. Karne ya 16 mashamba yake yalijaa zafarani, ndiyo hii hii ya biriani zetu, kwa Kiingereza "saffron", hata jina likabadilika. Watoto watapenda njia ya mizunguko iliyochongwa kwenye nyasi za uwanja wa wazi. Ukiifuata yote unatembea karibu maili nzima, kwa hiyo viatu vya kujionyesha viacheni nyumbani.

Tafadhali jibu hapa "Naja" pamoja na idadi ya watoto, kabla ya kesho saa 2 usiku.