Viza ya ndoa Uingereza: karatasi zako zishike mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niongee na wazazi wenye mabinti walioolewa huku Uingereza au wanaojiandaa kuja, na hao mabinti wenyewe, maana naishi huku miaka mingi na mambo ninayoyaona ni yaleyale, yanaumiza, na mengi yasingetokea kama mtu angeambiwa mapema.

Nyumbani tunachukulia kwamba ukishagongewa viza ya ndoa basi umepata karatasi, yamekwisha. Watu wanachanga, binti anaagwa, picha za uwanja wa ndege zinarushwa kwenye grupu la familia. Lakini jamani ile viza ya kwanza ni ya miezi 33 tu, kabla haijaisha inabidi uombe kuongezewa miezi 30 mingine, na ukishatimiza miaka 5 ndo unaomba ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo huko kuongezewa ndo mtihani wenyewe na ndo wakati ndoa nyingi za huku zinatikiswa, kwa sababu hapo ndo inaonekana nani anajua mambo ya karatasi ndani ya nyumba na nani amekaa anasubiri kuambiwa.

Niseme la hela kwanza kwa sababu ndilo linalowashtua watu. Ada ya kuomba kuongezewa ukiwa ndani ya Uingereza ilipandishwa Aprili 2025 ikafika pauni 1,321. Juu yake kuna ile ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, na unalipia miezi yote 30 kwa mkupuo, yaani pauni 2,587 na senti zake. Jumlisha uone, ni zaidi ya milioni 10 za Kitanzania kwa mtu mmoja, hujaweka mwanasheria, hujaweka mtihani wa Kiingereza. Na mtihani upo, wakati wa kuja ulifanya A1, ngazi ya chini kabisa, wakati wa kuongeza wanataka A2, ngazi inayofuata, kwenye ukaazi wa kudumu B1 pamoja na ule mtihani wa maisha ya Uingereza. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo watu wake wanasamehewa, hata kama sekondari yote umesoma kwa Kiingereza. Sasa wazazi naomba mlielewe hili, mwaka ambao mwanenu anaongeza viza ndo mwaka ambao hela yake haipo kabisa, akisema hana, hana kweli, hajabadilika wala hajasahau kwao.

Halafu kuna kipato. Walioomba viza yao ya kwanza kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 wanatakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka. Walioomba kabla ya hapo na bado wako na mwenza yuleyule wanaendelea na kile cha zamani, pauni 18,600, ila wenye watoto wasio raia wanaongezewa kidogo. Na hapa ndo nataka nikae kidogo maana hapa ndo mabinti wetu wanadanganywa.

Unapoomba ukiwa Tanzania mshahara unaoangaliwa ni wa mume aliyeko huku, hilo ni kweli. Lakini ukishafika huku ukawa na ruhusa ya kufanya kazi, na viza ya ndoa inakuruhusu kufanya kazi tangu siku ya kwanza, basi wakati wa kuongeza mshahara wako na wewe unahesabiwa, unajumlishwa na wa kwake. Mama anayefanya usafi hospitali au anayelea wazee kwenye kea homu, salari slipu zake zina uzito uleule kama za mume. Nimekutana na wadada ambao wameambiwa miaka miwili mizima "wewe upo hapa kwa mshahara wangu", wanaamini, wananyamaza kwa kila kitu, kumbe wao wenyewe wanaingiza hela ya kutosha au hata kumzidi.

Ila hiyo hela lazima iwe na ushahidi. Kwa aliyeajiriwa sehemu moja ni salari slipu za miezi 6 na steitimenti za benki za miezi hiyohiyo, na vile viwili viongee lugha moja, kiasi kilichoandikwa kwenye slipu kionekane kimeingia benki. Sasa wewe mshahara wako unaingia kwenye akaunti ya mume kwa sababu "akaunti moja inatosha", au unafanya vibarua vya kusuka na kupika sherehe unalipwa mkononi, siku ya kuomba huna cha kuonyesha. Fungua akaunti yako ya benki mapema. Sisemi umfiche mumeo hela, mnaweza kuwa na akaunti ya pamoja kwa ajili ya nyumba na mambo yakaenda vizuri tu, nasema mshahara wako uingie mahali penye jina lako.

Na barua pia, watu hawajui uzito wa barua. Mnatakiwa kuthibitisha kwamba mmeishi pamoja, na kinachotumika kuthibitisha ni barua za kawaida kabisa zilizokuja kwa posta hapo nyumbani, bili ya umeme, kodi ya kaunsili (halmashauri ya mtaa), benki, daktari, mkataba wa nyumba. Tunavyoshauriana huku ni kuwa na angalau 6, kutoka sehemu 3 tofauti au zaidi, na ziwe zimesambaa kipindi chote, siyo zote za mwezi mmoja. Kila moja iwe na majina yenu wote wawili, na kama ina jina la mmoja basi na mwenzake awe na ya kwake. Kwa nyumba nyingi za Watanzania kila kitu kiko jina la baba, umeme baba, maji baba, nyumba baba, mama anaishi humo miaka miwili na nusu na ukitafuta jina lake kwenye karatasi hulioni. Nilimsaidia dada mmoja kupanga faili lake, tukamwaga droo nzima mezani, kilichopatikana chenye jina lake na anwani ile ni barua mbili za kliniki ya uzazi na kadi ya maktaba. Mume wake si mtu mbaya, hakuwa na nia yoyote mbaya, hakuna aliyemwambia tu. Tukaanza kuhangaika na kaunsili waongeze jina lake, benki nayo, wiki za mwisho mwisho presha juu, ananyonyesha na analia.

Sasa hivi kuna jambo jipya limeongezeka. Zile kadi ngumu za ukaazi hazitumiki tena, nyingi ziliandikwa mwisho tarehe 31 Desemba 2024, viza sasa iko mtandaoni, una akaunti serikalini na kila ukitaka kuingia wanatuma namba kwenye simu au barua pepe uliyoandikisha. Swali langu kwa kila dada ni hili, ile simu ni ya nani? Kama mumeo ndo alikufungulia kwa barua pepe yake na simu yake, basi wewe huwezi kuona viza yako mwenyewe bila yeye kukuruhusu. Mwajiri akitaka uthibitisho, mwenye nyumba akitaka, ndege ya kurudi ikitaka, unaanza kumpigia simu mume aliyeko kazini. Na siku mkigombana je? Nimeshaona mtu amefungiwa nje ya viza yake kwa wiki nzima kwa sababu bwana kanuna. Haihitaji ugomvi kulirekebisha, mnakaa mkiwa na amani mnabadilisha simu na barua pepe ziwe zako. Na ukipata pasipoti mpya uiingize humo, usisubiri mpaka uko kaunta ya uwanja wa ndege.

Kuhusu tarehe. Ukipeleka maombi kabla viza haijaisha, unabaki halali na unaendelea na kazi yako hata kama majibu yatachelewa kupita ile tarehe, kwa hiyo usikimbilie kuacha kazi wala kujificha. Ukipitisha tarehe ndo balaa linaanza, kazi inasimama, nyumba inakuwa shida, na ile hesabu ya miaka 5 inaweza kuharibika. Lakini pia usikimbilie kupeleka mapema mno kwa woga, 33 na 30 ni 63 na unahitaji miezi 60, ukiomba mapema sana unaweza kujikuta hujafikisha 60 halafu unalazimika kulipia awamu nyingine nzima. Wengi huku wanapeleka ndani ya siku 28 za mwisho kabla viza haijaisha, faili likiwa limeshakamilika muda mrefu.

Na ukishapeleka usitoke nchini. Hili naliandika kwa sababu ya misiba. Sisi mzazi akifariki hatuulizi, tunakata tiketi usiku huohuo, na watu wa nyumbani nao wanapiga simu "mazishi yanakusubiri wewe". Ukitoka Uingereza wakati maombi hayajajibiwa, yanahesabiwa umeyaondoa mwenyewe, na kama viza ya zamani imeshaisha huna cha kurudia, unaanza upya kuomba ukiwa Tanzania, huku watoto wamebaki na baba yao. Ndugu wa nyumbani wakijua hili labda wataacha kumwita mtu hana utu kwa kukosa mazishi ya mama yake. Huyo mtu amelia peke yake jikoni kuliko mnavyofikiri. Ipo huduma ya haraka ya kuongeza pauni 1,000 majibu yakatoka ndani ya siku moja ya kazi au mbili, mwenye mzazi mgonjwa sana na mwenye uwezo aifikirie kabla hajatuma fomu.

Nimalizie na lile linalosemwa kwa sauti ya chini. Kuna wanawake wanapigwa huku. Wanapigwa, wananyang'anywa pasipoti, wanaambiwa "nikipiga simu moja tu unarudishwa kwenu", na wakipiga simu nyumbani mama anajibu vumilia mwanangu, subiri karatasi kwanza. Mama zangu nawaheshimu, lakini ushauri huo umeshawaponza watoto wenu. Ni kweli ndoa ikivunjika unatakiwa uwaarifu watu wa uhamiaji na viza inaweza kufupishwa. Lakini kwa aliyeko hapa kwa viza ya ndoa, mume wake akiwa raia au mkaazi wa kudumu, na ndoa imevunjika kwa sababu ya ukatili, sheria ina mlango wake. Anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 inayojitegemea, na ndani ya hiyo miezi anaruhusiwa kupata msaada wa serikali, nyumba na hela ya kujikimu, ambavyo viza ya ndoa yenyewe ilimkatalia, na katika muda huo anaomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake, bila mume, bila kusubiri miaka 5. Na kama hana hela kabisa anaweza kuomba asamehewe ada. Na ukatili siyo ngumi peke yake, kumnyima mtu hela, kumfungia, kumtishia kila siku kwa viza, na hayo yanahesabika. Ukiamua kuomba pata mwanasheria au shirika la wanawake kwanza, maana ukishaingia kwenye huo utaratibu viza ya ndoa unaiacha.

Namba ya bure ya saa 24 ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani ni 0808 2000 247, unaweza kuomba mkalimani. Piga kutoka simu ambayo mume haikagui. Daktari wako ukimweleza anaandika kwenye faili lako na hiyo ni ushahidi baadaye, polisi hivyohivyo.

Wanaume walioletwa na wake zao, haya yote ni yenu pia, najua wapo kaka zetu wanaoteseka kwa namna hiyohiyo na aibu inawazidi hata kuongea.

Mhariri, nawaomba mkipata nafasi mtafute mwandishi awaulize watu wanaoshughulikia viza hizi aandike kwa kirefu, kwa Kiswahili, maana maelezo yote yako kwa Kiingereza kigumu na anayeyahitaji zaidi ndo yule mwenye A1. Na mzazi unayesoma hii huku binti yako anafunga mabegi, mkalishe leo, afungue barua pepe yake mwenyewe, neno la siri alijue yeye peke yake, apige picha kila ukurasa wa pasipoti na cheti cha ndoa cha RITA azitume humo, na nakala nyingine ubaki nayo wewe.

Msomaji wenu,
Reading, Uingereza